Mwezi Mwandamo wa Plastiki

Desemba ikiingia, Mombasa hupata theluji. Si theluji ya mbinguni, maana huku kwetu mwezi huo ni wa jua la kaskazi linalomchoma mtu utosini. Ni pamba iliyochambuliwa na kubandikwa katika vioo vya maduka, kuanzia Moi Avenue mpaka yale maduka makubwa ya Nyali. Mti wa plastiki husimamishwa mlangoni, ukavishwa taa za rangi na vigololi vya kung'aa, na kando yake akaketishwa mzee wa ndevu nyeupe aliyevaa manyoya katika joto lile. Kwa ndugu zetu Wakristo hiyo ni sikukuu yao na ni haki yao. Ama suala la Mwislamu kumtakia jirani yake heri siku hiyo lina wenyewe, nao ni masheikh, na kila mwaka hulizungumza mimbarini. Mimi si mtu wa fatwa. Mimi ni mwandishi, na kazi ya mwandishi ni kutazama kinachopita njiani.

Nami nimeona jambo linapita njiani bila ya kuulizwa na mtu. Miaka hii ya karibuni mapambo ya Desemba hayakai sana stoo kabla ya kurudi kwa jina jingine. Shaabani ikifika, katika madirisha yale yale hutundikwa miezi mwandamo ya plastiki yenye taa ndani, nyota, vifanusi vya betri vinavyoimba, vijimsikiti vya kuweka mezani, na maandishi ya Kiingereza yenye kuikaribisha Ramadhani. Nimeona hata kalenda ya ukutani yenye vifuko thelathini, kila kifuko na peremende yake, mtoto afungue kimoja kila magharibi. Mwenye kujua asili ya kitu hicho atacheka, au atasikitika: ni ile ile kalenda ya Krismasi iliyoanzia Ujerumani, yenye vilango ishirini na vinne vya kufunguliwa kuanzia tarehe mosi Desemba. Vilango vimeongezwa sita, na juu pamechorwa hilali.

Ukiuliza vitu hivi vyatoka wapi, jibu ni moja kwa sikukuu zote mbili. Kuna mji katika China uitwao Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, wenye soko la bidhaa ndogo ndogo ambalo halina mfano duniani. Yakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya mapambo ya Krismasi ya ulimwengu hutoka huko, katika nchi ambayo Krismasi yenyewe si siku ya mapumziko. Na soko hilo hilo huuza fanusi za Ramadhani, tasbihi, misala na kofia. Simlaumu Mchina. Yeye ni mfanyabiashara, ameona Waislamu ni wengi na wana watoto. Mwenye kulaumiwa, ikiwa yuko, ni sisi tulioamini kuwa tumeilinda dini ya watoto wetu kwa kuukataa mti wenye nyota, kisha tukaupokea ndani mti huo huo ulipokuja na mwezi.

Nasema hivi kwa sababu sikukuu, yoyote ile, ilikuwa ni kazi kabla ya kuwa starehe. Ilikuwa ni siku za kusugua sinia, kupaka chokaa, kushona, kusuka, kukanda, na watoto walikuwa ndani ya kazi hiyo mpaka viwikoni. Hata Krismasi ya Wazungu ilikuwa hivyo. Vile vigololi vya kung'aa vyatoka kijiji kiitwacho Lauscha, katika milima ya Thuringia huko Ujerumani, kijiji cha mafundi wa kioo. Kabla yake watu walitundika matofaa, kokwa na mikate midogo katika miti yao. Husimuliwa kuwa mwaka 1847 fundi mmoja aliyekuwa hana fedha za kununulia matofaa alipuliza tunda la kioo akalitundika badala yake. Hadithi hii huenda imetiwa chumvi, lakini yaliyofuata ni ya yakini: nyumba nzima za Lauscha ziliishi kwa kazi hiyo, baba akipuliza, mama akitia rangi ya fedha ndani, na watoto wakifunga vijaluba. Katika miaka ya 1880 tajiri wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuvinunua na kuvipeleka kwao, na tangu hapo pambo likawa bidhaa. Kwa hiyo huyo jirani yangu Mkristo anayekata tawi la mvinje akalipamba kwa karatasi na wanawe, yuko karibu zaidi na asili ya mambo kuliko yule wa duka kubwa.

Na sisi je? Neno letu fanusi ndilo neno lile lile la Wamisri, na Misri ndiko inakoshikiliwa zaidi desturi ya mtoto kubeba fanusi mwezi wa Ramadhani. Mafundi wa Cairo, wa mitaa kama Sayyida Zeinab, walizitengeneza kwa bati na vioo vya rangi, baba akimfunza mwana. Zikaja za plastiki za kuimba kwa betri, rahisi kwa bei, na mafundi wakaanza kukosa kazi. Mwaka 2015 serikali ya Misri ikapiga marufuku kuingiza kutoka nje vitu vya sanaa za jadi, na fanusi zikiwemo. Naisifu kwa kuona. Lakini marufuku ya bandarini haiwezi kumfunza mtoto kukata bati. Hilo hufanywa nyumbani, na mtu mwenye muda.

Hapa ndipo nifikapo kwa wajukuu. Katika nyumba za leo mtu mwenye muda ni babu au nyanya. Baba yuko kazini, au yuko njiani akitafuta kazi. Mama vile vile. Mimi nina wajukuu watano, watatu wanaoishi Nairobi na wawili wa hapa hapa Majengo, na shule zikifungwa Desemba wote hunijia. Wakati huo televisheni na maduka yote yasema nao habari ya zawadi. Usipowapa la kufanya, watakaa wakitamani vya wenzao, na huwezi kumlaumu mtoto kwa kutamani kitu kinachong'aa. Basi mimi na nyanya yao tumejiwekea desturi: Desemba ni mwezi wa kutengeneza vitu vya Idd, iwe Idd yenyewe i karibu au i mbali. Vinawekwa katika mkebe mpaka wakati wake.

Sisemi kuwa ni raha tupu. Siku ya kwanza nilimsukia mjukuu mdogo, wa miaka saba, kititia cha ukuti. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: wachukua majani mawili ya mnazi yaliyo mabichi, wayatoa uti wake, wayakunja moja ndani ya jingine mpaka yashikane katikati, ukapenyeza uchelewa, ukampa mtoto akakimbia nacho dhidi ya upepo. Yule mtoto alikigeuza geuza, akakichungulia chini, kisha akaniuliza kwa adabu, "Babu, betri inaingia wapi?" Mkubwa wao, wa miaka kumi na miwili, alijikata kidole katika siku ya pili, akasusa, akarudi kwenye simu yake. Hakurejea ila siku ya nne, tulipofika kwenye kishada.

Kishada kina mambo yake, na nitakaa nacho kidogo. Wataka chelewa mbili nyembamba zilizo sawa, moja iwe ndefu kidogo, uzifunge mfano wa msalaba (naomba radhi kwa mfano wangu, lakini ndivyo kishada kilivyo), kisha upinde mfano wa upinde mmoja juu ili karatasi ivutike. Gundi si ya kununua. Ni unga wa ngano uliopikwa na maji mpaka ukawa mzito kama uji, ukatiwa chembe ya chumvi. Mkia ni kipande cha leso kuukuu, na mkia ukiwa mfupi kishada huzunguka kama mlevi, ukiwa mzito hakinyanyuki. Hapo ndipo mtoto hujifunza, kwa sababu hakuna maandishi ya kumwambia mkia uwe urefu gani. Hana budi kukirusha, kikaanguka, akaongeza, akakirusha tena. Yule mkubwa alikirusha mara sita. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia.

Karatasi ni gazeti. Ndiyo, hili hili unalolisoma, likisha kusomwa. Ila wazee wa zamani watanielewa nikisema kwamba kwanza watoto hupewa mkasi wakate kila mahali palipo na aya au jina la Mwenyezi Mungu, hasa katika kurasa za mwezi wa Ramadhani, pakawekwa mbali kwa heshima. Kazi hiyo peke yake ni darsa. Mjukuu wa Nairobi aliyekuwa akisoma herufi za Kiarabu kwa kubabaika alizitambua haraka zaidi akizitafuta kwa mkasi kuliko akizitafuta kwa bakora ya mwalimu.

Wengine watakumbuka kuwa kwa miaka mingi kishada na mpira vilitengenezwa kwa mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita majuala. Mpira wa juala umekuza wachezaji wengi katika nchi hii. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya, kwa faini ifikayo shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne, na ni jambo zuri, maana samaki na ng'ombe walikuwa wakiimeza. Watoto walirudi katika matambara na magazeti bila ya kutungiwa mradi na mtu. Ajabu ni kuwa sheria ile iliyotuondolea mfuko haikukigusa kifanusi cha plastiki, ambacho maisha yake ni mwezi mmoja, betri ikifa kikaenda jaani.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, ni mtu mwema na hanifichi neno. Alinambia, "Baba, mtoto wa leo hapelekwi Makadara na kishada cha gazeti, wenziwe watamcheka." Hilo si jambo la kupuuzwa. Siku ya Idd uwanja wa Makadara hujaa bembea, vibanda na watoto waliovaa vipya, na mtoto aliyechekwa siku hiyo huenda asiisahau. Umaskini una aibu yake, na ni rahisi kwa mzee mwenye kalamu kuusifu ukuti, ilhali mama ndiye atakayeyafuta machozi. Vile vile sikatai kuwa hivyo vitu vya bei nafuu kutoka China vimempa mtoto wa maskini gari na mwanasesere ambavyo zamani vilikuwa vya watoto wa matajiri. Nilimjibu mkwe wangu hivi: mtoto hachekwi kwa sababu kitu ni cha gazeti, huchekwa kwa kuwa yuko peke yake. Wakiwa kumi, itakuwa ni mtindo. Hakuniitikia wala hakunikatalia, alisema tutaona.

Na aibu yenyewe ni kitu cha kuchunguzwa. Huko Kiunga, mpakani na Somalia, mwishoni mwa miaka ya 1990, bahari ilikuwa ikitupa pwani kandambili kuukuu kwa maelfu, na watoto wa huko wakazichonga vitu vya kuchezea. Mtafiti wa mambo ya bahari, Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi huko aliona, akawahimiza akina mama waziokote, wazioshe na kuzichonga wauze. Kutokana na hayo kukatoka kampuni ya Ocean Sole, ambayo leo twiga na ndovu wake wa kandambili wanauzwa Ulaya na Marekani. Na mwaka 2018 pale Lamu fundi Ali Skanda na wenzake waliteremsha majini jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa kwa taka za plastiki na kuvishwa kandambili za rangi, likasafiri mpaka Unguja mwaka 2019. Mgeni hulipa fedha nzuri kwa ule ule mchezo wa mtoto wa Kiunga ambao sisi twaona haya kuuchukua Makadara.

Upande wa nyanya ndio ulioshinda, nami nakiri bila ya wivu. Yeye alianza na wasichana kwa kikuba. Walichuma asumini jioni yangali vichupuko, wakatia rehani na waridi na kilua kilichopatikana kwa taabu, wakafunga kwa uzi, wakanyunyiza marashi. Kikuba hakiwekwi mkebeni, kwa hiyo hiki kilikuwa ni cha mazoezi tu, wakampa kila mmoja mama yake. Kisha wakasuka ukili. Mwanzoni zilikuwa chane nne, kama nywele, kisha saba, na aliyefika kumi na moja akapewa jina la fundi. Kwa ukili huo wameshona vipepeo vya kupepea, cha mama, cha shangazi na cha mwalimu wa madrasa. Fanusi tuliitengeneza sote pamoja kwa kifuu. Kifuu hukwanguliwa kwa kipande cha kioo, kikasuguliwa kwa msasa mpaka king'ae kama pembe, kisha kikatobolewa kwa msumari wa moto (hapa mtu mzima ashike msumari, asimwachie mtoto), matundu yakafuata mchoro. Ukitia mshumaa mfupi ndani usiku, ukuta wote hujaa nyota. Yule wa miaka saba hakuuliza habari ya betri.

Haya si mageni kwetu. Mimi nilisomea chuo ambamo kalamu tulijichongea wenyewe kwa utete na wino ulikuwa wa masizi ya chungu, na Maulidi yakikaribia sisi wanachuoni ndio tuliokata karatasi za rangi pembe tatu, tukazigandisha katika uzi na kuupitisha juu ya kichochoro kutoka dirisha hadi dirisha. Hakuna aliyetwambia kuwa ni kubana matumizi. Hivi sasa madrasa huagiza mapambo yaliyo tayari, na mwalimu huchangisha wazazi.

Na kuchangisha kumekuwa kuzito. Mfanyakazi wa Kenya tangu 2023 hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya. Kodi ya mafuta ya gari ilipanda mwaka 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16, na mafuta yakipanda hata mchicha hupanda. Kijifanusi kimoja nilichokiuliza bei kilikuwa sawasawa na kilo ya nyama ya mifupa. Mwanangu wa Nairobi alinipigia simu usiku mmoja akanambia kwamba nguo za Idd za watoto watatu, nauli ya kuja na kurudi, na ada ya shule vitagongana, akaniuliza kipi akiache. Nilimwambia aache vyote vinavyotiwa betri, nauli asiiache. Chuoni tulifunzwa neno israfu tukiwa wadogo, na kwa kawaida tunalitumia kwa arusi za watu wengine.

Wanaopata hasara kimya kimya ni akina mama wa Lamu, Siyu na Pate wanaosuka mikeka na vikapu, na wale mafundi wa kofia ambao kofia moja ya mkono huwachukua miezi, huku ya mashine ikiuzwa kwa bei ya chai na mahamri. Hao wangaliko. Lau kila madrasa ya mji huu ingewaalika mmoja mmoja, alhamisi moja tu kwa mwezi, akae na watoto na kulipwa kutoka katika ule mchango wa mapambo, fedha zingebaki pwani na watoto wangetoka na kitu mikononi. Na wale wenye kuandaa vibanda vya Makadara siku ya Idd wangetenga pembe moja ya uwanja kwa vishada na vititia, bila ya kiingilio. Hapo hata mkwe wangu hatakuwa na hofu.

Muda upo, lakini si mwingi kama tunavyodhani. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa Kizungu. Watu wa rika langu wanakumbuka mwaka 2000, Idd ilipoandama siku mbili tatu tu baada ya Krismasi, na Mombasa ikawa na harufu ya pilau wiki nzima. Kwa hesabu za mwezi, mwaka 2033 Idd itaangukia tarehe 23 Desemba au karibu na hapo. Dirisha moja la duka litaweka mti na mwezi pamoja, taa zitakuwa za waya mmoja. Huyu mjukuu wangu wa kititia atakuwa kijana wakati huo, na nimemwekea chelewa zangu mahali anapopajua.

Mwenye kutaka miyaa ya kusukia na watoto asingoje Shaabani. Hukatwa, hukaushwa juani, huchanwa, na nyingine hutiwa rangi, na wenye kuuza sokoni huongeza bei sikukuu ikikaribia. Aagize Rajabu.